Huku Kwetu Fundi Huchelewa kwa Inchi

Nina hakika duniani yuko mtu mwingine mwenye mwili kama wa mwanangu. Anaishi Uholanzi, ni mwembamba, miguu yake haina mwisho, na mkono wake ni mzito: hatoi nguo zake hata kidogo. Wenzake wote wa Ulaya wamejitolea. Wenye vitambi wametoa, wafupi wametoa, hata mzee mmoja wa Ujerumani aliyekuwa ameandika jina lake ndani ya koti alitoa koti, likafika hapa Rodi Kopany, na watoto wa soko wakalisoma jina lile kwa sauti hadi jua likatua. Mholanzi wangu tu ndiye amekaza. Namngoja kwenye kila belo la mitumba linalofunguliwa na bado hajajitokeza.

Namtaja Mholanzi kwa sababu nimesoma kwamba wanaume wa kule ndio warefu kuliko wote ulimwenguni, wastani wao kama sentimita 183. Mwanangu ana miaka 16 na sentimita 191. Kiuno chake ni inchi 28. Ukimwambia muuza nguo namba hizo mbili kwa pamoja anadhani unamtajia watu wawili, na anakuuliza yule mwingine yuko wapi.

Kwa asiyepajua, Rodi Kopany ni njia panda. Ukitoka Homa Bay kwenda Rongo lazima upite hapa, na hapa ndipo barabara ya Ndhiwa inapochepuka kuelekea Karungu, ziwani. Malori ya miwa yanapita, Probox zinapita, na nguo za Wazungu nazo zinapita, ila zinatufikia zikiwa zimechoka na safari. Belo hushushwa Mombasa, likapanda Gikomba, Nairobi, ambako macho ya jiji zima huligeuzageuza. Mengine hupitia Kibuye, Kisumu, yakageuzwa tena. Ile daraja ya kwanza ambayo wauzaji huiita kamera mara nyingi huwa imeshachukuliwa njiani. Kinachobaki ni nguo za watu wa kadiri, na mwanangu hana kadiri.

Jina lake la ubatizo tunalijua mimi, kasisi na shule. Wengine wote wanamwita Busta, yaani mlingoti wa simu, na hakuna mwendesha boda hapa stendi asiyemuuliza kama mtandao huko juu unashika. Jina hilo lilinigeuza na mimi. Nilifundisha watoto wa watu miaka mingi nikiitwa Mwalimu, kwa heshima zake. Leo ni Mama Busta hata kwenye risiti ya mahindi.

Yuko mama mmoja wa mitumba ambaye tumezoeana. Mimi namwita dada, yeye ananiita hilo jina. Belo zake ni za kilo 45, nazo ananunua akiwa hajui kilichomo, kwa hiyo siku ya kukata kamba huwa ameshaomba Mungu kunitangulia. Siku moja alinipigia simu asubuhi na mapema, sauti ya chini, ile ya mtu mwenye siri ya faida.

"Mama Busta, njoo na yule mrefu. Usimwambie mtu."

Tulimkuta ameificha chini ya mkeka. Ilikuwa suruali nyeusi, kitambaa kizito cha heshima, mshono ulionyooka, na urefu wa mguu kwa ndani inchi 36. Nilipima mwenyewe. Nikapima tena kwa mkono wa pili. Moyo wangu ulidunda, ila nilipofika kiunoni nikaona jambo. Palipotakiwa kuwa na vifungo, zipu na vitanzi vya mshipi, palikuwa na kipande kipana cha kitambaa laini cha kuvutika, zaidi ya shubiri moja, kilichopanda juu mfululizo.

"Dada, mbona hii haina zipu?"

"Ya michezo."

"Michezo gani inachezwa na suruali ya ofisini?"

"Mama Busta, Wazungu wana michezo mingi."

Kijana aliingia kujaribu. Chumba cha kujaribia nguo sokoni kwetu ni leso moja iliyoshikwa na wanawake wawili, na leso ilitengenezwa kwa ajili ya binadamu wengine. Wakiishika juu, miguu yake yote inabaki barazani. Wakiishusha kusitiri miguu, kuanzia kitovuni kwenda juu anakuwa hadharani, akisalimiana na wapita njia. Wale wanawake walipandisha, wakashusha, wakaangua kicheko, mwishowe wakaleta leso ya pili na mshikaji wa tatu. Alipotoka, soko lilinyamaza. Suruali ilifika kwenye kifundo cha mguu. Ilifika! Pale kiunoni ilimkumbata bila kumbana, wala haikuhitaji ile kamba ya viatu aliyokuwa akiitumia badala ya mshipi.

"Mama," akasema, akijigusa tumbo, "hii hata nikila inakubali."

Nililipa. Mashaka yangu niliyaeleza pale pale mbele ya mashahidi, ila kura zilikuwa mbili kwa moja. Jumapili akaivaa kanisani, shati limechomekwa vizuri kwa sababu alikuwa na zamu ya kusoma somo la kwanza. Alisoma vizuri. Nilikuwa najisikia mzazi kamili mpaka nilipomwona muuguzi wa kliniki ya akina mama wajawazito, mama mtulivu sana, akiuma leso yake kwenye benchi la mbele. Ibada ilipokwisha alinivuta kando ya mti.

"Mama Busta, ile suruali ya kijana mmeitoa wapi?"

"Kwa belo. Ni ya michezo."

"Michezo," akasema, akafuta machozi. "Ile ni ya mama mjamzito. Pale penye mpira ndipo mtoto hukaa."

Nilifika nyumbani nimejiandaa kumwambia kwa upole, maana umri ule haya ni nyingi. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akasema: "Sasa kama mtoto hayupo, si ni nafasi ya ugali?" Mpaka leo anaivaa, shati likiwa nje. Nami nimejifunza kwamba yule Mholanzi wangu ana dada, na dada yake ana moyo mwema.

Mtu mrefu mwembamba ni mali ya umma. Mfupi akipita watu hunyamaza, mnene wakimsema husema kwa kujificha, lakini mrefu mwembamba kila mmoja anaona ana jukumu la kutoa maoni. Wa kwanza ni wale wanaoamini kwamba hali chakula. Jirani zangu kwa siri wamekuwa wakimtumia sahani za omena, na yeye kwa siri anazila zote, kisha anakuja mezani kwangu na kumaliza ugali ambao ungetosha watu wa matanga. Wa pili ni wa mpira wa kikapu. Hawa wanamtajia Manute Bol, yule Mdinka wa Sudan aliyeingia NBA mwaka 1985 akiwa na futi 7 na inchi 7, na wanamuuliza anangoja nini. Anangoja waishe. Mchezo anaoupenda ni ajua, aina ya bao, ambao unachezwa umeketi.

Wa tatu ni wa mafuriko. Suruali ikikatikia juu ya kifundo cha mguu, Mkenya yeyote atakuuliza kama umetoka Budalangi, kule mto Nzoia unakovunja kingo na kuingia nyumbani mwa watu. Mzaha huu ulitutesa, ila kuna kipindi uligeuka. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lenyewe lilipanda, likala fukwe, likaingia kwenye majumba ya Homa Bay, na mtu mwenye suruali fupi akaonekana amejipanga. Mwaka huo huo shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Waliporudi! Shule nzima ilikuwa imetoka Budalangi. Mikono ya sweta ilikuwa imeishia kwenye viwiko, vifungo vya sketi vilikuwa vimeachana, kila mmoja anaonyesha soksi. Mwanangu alikuwa na miaka 11 na kurefuka kwake kulikuwa hakujaanza, lakini naiona ile siku ya kufungua shule kuwa ndiyo pekee niliyopata kuona usawa katika elimu ya Kenya.

Mwaka huo wa 2020 pia serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti, na dada yangu wa belo hajasamehe. Ukitaka kumpandisha presha mtajie siasa za mitumba. Atakuambia kwamba mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa kabisa ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuwafungia soko lake, Kenya ikajiondoa haraka, Rwanda ikabaki na msimamo wake, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kupeleka nguo Marekani bila ushuru. Hayo yote anayasema akiwa amemnyooshea kidole mwanangu. "Wakipiga marufuku sawa. Lakini kwanza watengeneze suruali ya huyu. Wamshonee huyu mmoja tu, mimi nifunge duka niuze nyanya."

Mama mkwe wangu ana historia fupi zaidi. Yeye anasema tatizo halikuwepo. Marehemu mumewe, babu wa huyu kijana, alikuwa mrefu vile vile, mwembamba vile vile, na maisha yake yote alivaa suruali zilizomfika. Alikuwa ananunua kitambaa cha kaki kwenye duka la Mhindi huko Kendu Bay, na hatua chache tu, pale pale barazani, fundi ameketi na cherehani. Fundi anapima, anakata, anashona. Hakuna aliyemwambia saizi yake haipo, kwa sababu saizi yake ilikuwa yeye.

Nimelifikiria neno lake mara nyingi nikiwa nimesimama mbele ya rundo la jinzi. Nguo za tayari zina asili ya kijeshi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilihitaji yunifomu nyingi kwa haraka, askari wakapimwa, ikaonekana kwamba mwenye kifua fulani aghalabu huwa na kiuno fulani, na hesabu zile zikawa msingi wa saizi za wanaume. Ni hesabu nzuri kwa jeshi. Ila ndani yake mna imani moja ambayo haijawahi kufika Nyanza Kusini: kwamba mtu akirefuka lazima apanuke. Ukitoka M kwenda L, kutoka L kwenda XL, mguu unaongezewa inchi na tumbo linaongezewa debe. Mwanangu akivaa XL urefu unakaribia kutosha, na kwenye upana anabaki na nafasi ya kumkaribisha rafiki.

Na si kwamba miili ya namna hii ni ajali. Mwaka 1877 Mmarekani mmoja, Joel Asaph Allen, aliandika kwamba wanyama wa nchi za joto huwa na masikio na miguu mirefu kuliko ndugu zao wa nchi za baridi, kwa kuwa viungo virefu vyembamba hupoteza joto upesi. Baadaye wataalamu waliitumia kanuni hiyo kueleza maumbo ya watu wa Nile, Wadinka, Wanuer na jamaa zao ambao sisi Wajaluo tunahesabiwa kati yao. Nilimsomea mama mkwe. Akauliza kama huyo Allen alipogundua hayo aliacha suruali yoyote.

Kwetu pamba ililimwa, na kitambaa kilifumwa Kisumu, kiwanda cha KICOMI. Kiwanda kile kilikufa miaka ya 1990 pamoja na vingine vingi, na miaka hiyo hiyo milango ikafunguliwa kwa mitumba. Fundi akageuzwa kazi: badala ya kukata kitambaa kipya, akawa mtu wa kupunguza. Kupunguza anaweza. Mletee shati la Mjerumani wa kilo 120 atalifanya la mtoto wa chekechea. Kuongeza ndiko hakuna, maana nguo ikishakatwa fupi huko Bangladesh hakuna dua ya kuirefusha Rodi Kopany.

Hata hivyo, yunifomu ya shule lazima ishonwe, kwa sababu duka la yunifomu linaishia pale mwanangu anapoanzia. Kwa hiyo muhula ukikaribia tunakwenda kwa fundi wetu, ambaye ana Singer ya miguu kwenye veranda ya duka la mbegu. Ni fundi hodari. Mkono wake umenyooka, na suruali yake haipindi hata ukiilalia. Ana tatizo moja ambalo mafundi wote wa nchi hii wamegawiana sawasawa.

Fundi wa kawaida huchelewa kwa siku. Umeahidiwa Ijumaa, unapata Jumatano, unalaumu kidogo, unavaa. Wetu huchelewa kwa inchi. Mvulana akiwa katika kilele cha kukua anaweza kuongeza kama sentimita 9 kwa mwaka. Gawa kwa miezi, ni milimita 7 na nusu kila mwezi. Sehemu yake huenda mgongoni, nakubali, lakini ya miguu inatosha kumharibia fundi kazi. Alipopima alikuwa anapima mtu mmoja. Kisha ukaja msiba wa shemeji yake, ukaisha uzi wa kijani kibichi, ikaja harusi ya mwenyekiti wa soko ambayo nguo zake hazingeweza kungoja, akaumwa jino. Siku anayokabidhi suruali anamkabidhi mtu mwingine.

"Kijana, simama wima," anasema.

"Nimesimama, fundi."

"Basi usisimame sana."

Kila mara anashangaa upya. Anarudi kwenye daftari lake, anaangalia namba alizoandika kwa mkono wake, anamtazama kijana, na machoni mwake naona shutuma, kwamba sisi ndio tumevunja mkataba. Siku moja aliniambia, kwa uzito kabisa, kwamba angeweza kushona kwa wakati kama mtoto angekubali kutulia.

Tumeafikiana kuhusu pindo la akiba. Fundi anaacha inchi 5 za kitambaa zikiwa zimekunjwa kwa ndani, na kila muhula ananifungulia kidogo. Kwa hesabu ni mpango mzuri kuliko chama chochote cha akiba nilichowahi kuingia. Kwa macho ni aibu, kwa sababu kitambaa kilichokuwa nje kimepauka kwa jua na sabuni ya mche, na kilichokuwa kimekunjwa kinatoka na rangi yake ya dukani, na penye mkunjo wa zamani pamebaki mstari mweupe usiotoka kwa pasi wala kwa maombi. Suruali yake ya sasa ina mistari mitatu. Ukiihesabu unajua yuko muhula gani. Wanafunzi wenzake wanadhani ni cheo, na nasikia wale wa kidato cha chini wameanza kumpisha kwenye foleni ya chakula.

Akiba ikiisha, suruali inakatwa kuwa kaptula. Kaptula ikibana inakuwa mto wa kiti. Mdogo wake hairithi, kwa sababu yeye ametokea upande wangu: mfupi, amejaa, viatu na tumbo vinafika mahali kwa wakati mmoja. Nyumba nzima tuna saizi zote ila hatuna mbili zinazofuatana.

Sasa niseme habari ya suti, ingawa baba yake aliniomba nisiiseme. Binamu yetu alikuwa anaoa huko Rongo, na kijana aliwekwa kwenye safu ya vijana wa bwana harusi, wote wavae suti moja ya buluu ya kukodi. Tulikwenda kuichukua Homa Bay. Mwenye suti alikuwa na M, L na XL. Ile M ilikaa mabegani vizuri sana, na mikono ikaishia katikati ya safari. XL ilifika kila mahali, ila tai peke yake ndiyo iliyoonyesha kwamba ndani mna mtu. Tukachukua L, ambayo ilikosea pande zote kwa kiasi cha kuvumilika, na mwenye suti akatupa ushauri wa kitaalamu: soksi nyeusi ndefu mpaka magotini, viatu vyeusi, na kijana asiinue mikono. "Asipunge," akasema. "Akipungiwa, aitikie kwa kichwa."

Mpango ungefaulu kama Rongo ingekuwa inafikika kwa miguu. Ila sisi tunasafiri kwa Probox. Gari hili waliolitengeneza Japani walilipangia watu watano, na sisi tukalisoma upya. Mbele anakaa dereva na wawili pembeni yake, nyuma wanne, na kule kwa mizigo wanaingia waliokosa aibu. Mtu wa kawaida anaingia Probox akikunja magoti. Mwanangu huingia kwa awamu. Kinatangulia kichwa na bega, anavuta pumzi, unafuata mguu mmoja, halafu abiria wote wanashauriana juu ya huo mwingine. Siku ya harusi mguu wa pili ulipoingia tulisikia sauti. Haikuwa kubwa. Mama mmoja aliyebeba kuku alisema, "Mungu wangu, kiti kimepasuka." Hakikuwa kiti.

Tuliteremka Rongo kijana akitembea kinyumenyume. Shangazi mmoja, kwa akili ya haraka ambayo sitaacha kumshukuru, akamfunga leso kiunoni, akamwambia mtu akiuliza aseme ni mila ya upande wa mama. Akaulizwa. Akasema. Wageni wa upande wa bibi harusi wakaipenda, na kabla ya keki kukatwa vijana wengine wawili wa safu wakawa nao wamefunga leso. Kwenye picha za harusi ile inaonekana ni jambo lililopangwa. Mwenye suti hakuona uzuri wake. Alikata pesa ya dhamana yote.

Viatu nimeviacha mwisho kwa kuwa ndivyo vilivyotangulia. Madaktari watakuambia kwamba mtoto akianza kurefuka, nyayo huondoka kwanza, kisha miguu na mikono, na kiwiliwili hufuata nyuma kwa wakati wake. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla hatujashuka moyo kwa suruali, tulishalia kwa viatu. Leo anavaa 47, na maduka ya huku yanafika 45 yanasinzia.

Mkombozi wetu ni fundi wa akala, anayekaa upande wa pili wa stendi na kisu chake na rundo la matairi. Huyu hana saizi, hana daftari, hana uzi wa kuisha. Anatandaza kipande cha tairi la lori chini, anamwambia kijana akanyage, anauzungushia mguu chaki, anakata pale pale. Utangoja muda wa kunywa chai moja. Na tairi la lori halijawahi kukutana na mguu uliolishinda. Shule haiziruhusu, lakini siku za likizo mwanangu hutembea Rodi Kopany nzima akiwa na kitu kimoja mwilini kilichokatwa kwa ajili yake, na hutembea tofauti.

Juzi tulikwenda kumkatia nyingine, maana zile za Aprili zimeshakuwa fupi. Binti yangu wa mwisho alitufuata. Ana miaka 11, na wasichana kwa mambo haya huwatangulia wavulana kama miaka miwili. Alikuwa amesimama kando akila mahindi, amevua viatu vyake vya shule amevishika mkononi, anasema vinamuuma mbele. Fundi alimaliza kukata, akafuta kisu, akawa anataka kutupa kipande cha tairi kilichobaki. Macho yake yakatua chini, kwenye nyayo za yule mtoto. Akazitazama. Akanitazama mimi. Akakirudisha kile kipande nyuma ya kiti chake, akakiegemeza vizuri ukutani.

"Hiki nakuwekea, Mama Busta," akasema. "Lipa nusu sasa."